Tundu Juu ya Kitanda cha Mjomba

6 Oktoba

Tumehamia nyumba mpya leo. Bi. Lindqvist, mhandisi aliyekuja kutoka mji wa Fairbanks kusimamia ujenzi, amenipa daftari hili pamoja na kipimo kidogo cha unyevu chenye uso wa kioo kama saa. Anasema nyumba yetu ni ya kwanza ya aina yake hapa kijijini Nunacuaq, na anahitaji mtu mwangalifu wa kusoma namba kila asubuhi na kumtumia kila Ijumaa.

"Mpe Marfa," Baba akasema. "Huyu hata maharage anayahesabu kabla hajayapika."

Niliona haya lakini nilifurahi.

Namba ikiwa kati ya thelathini na hamsini, hewa ya ndani ni nzuri. Ikipita hamsini na kukaa huko, nyumba imeanza kuugua. Leo ni 41. Kurasa za kushoto nitaandika namba. Za kulia nitaandika yangu.

7 Oktoba

41.

Tuko watano. Baba anaitwa Golga, naye ameifanyia kazi nyumba hii tangu nguzo ya kwanza. Kuna Mama, Bibi ambaye ndiye mama yake Mama, mimi, na mdogo wangu Anuska mwenye miaka minne. Jina letu lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya nyumba mpya kwa sababu ya mapafu ya Anuska. Amepelekwa hospitali ya mjini kwa ndege majira mawili ya baridi mfululizo. Daktari alimwambia Mama kwamba pafu lake la kushoto likiugua hivyo mara ya tatu, halitapona lote.

Anuska ana jina jingine, Paluqtaq. Lilikuwa la kaka yake Mama aliyefariki akiwa na miaka mitano, kabla Mama hajazaliwa. Kwetu jina likirudi, mwenyewe amerudi. Kwa hiyo Bibi humwita Anuska "mwanangu", naye humwita Bibi "mama". Mama humwita binti yake "kaka". Mimi humwita Mjomba.

Leo Mjomba amekojoa kwenye godoro jipya.

11 Oktoba

40. Nikifor, binamu yake Baba, amekuja kunywa chai. Wao ni watani, na Nikifor hawezi kuvua buti kabla hajamchokoza mwenzake.

"Golga, umejenga nyumba au umejenga chupa? Nikijamba humu nitakufa kwa harufu yangu mwenyewe!"

"Ndiyo maana kuna mashine. Inatoa ya kwako na kuleta nyingine."

"Maskini mashine! Itaomba likizo kabla ya Krismasi."

Baba alicheka, lakini nyumba hii haichekei. Kila kiungo cha mbao amekiziba kwa utepe, akiukandamiza kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeusi. Siku ya kupima, Bi. Lindqvist alifunga feni kubwa mlangoni ivute hewa yote ya ndani, na Baba akazunguka na kijiti cha moshi kutafuta mahali penye upepo. Kila alipokisogeza kijiti ukutani, moshi ulipanda wima. Sijawahi kumwona akisimama vile, kama mtu anayepigwa picha.

Kwa kuwa hakuna ufa, lazima hewa iletwe. Mashine iko kwenye kabati karibu na mlango. Inavuta hewa chafu ya jikoni na bafuni, na kuingiza safi kwenye vyumba vya kulala kupitia matundu ya dari. Hewa mbili hizo hupitana ndani ya mashine bila kuchanganyika, na ile inayotoka humwachia inayoingia joto lake, kama mtu anayekwenda zake na kumwachia mgeni glavu. Bi. Lindqvist alinieleza hivyo, na mimi nikaongeza habari ya glavu.

15 Oktoba

40. Mto umeanza kuganda kingoni.

19 Oktoba

39. Sijui kama nilichofanya leo ni kizuri.

Chumba chetu kina vitanda vitatu, cha Bibi, changu na cha Mjomba. Tundu la hewa liko darini, juu kabisa ya kitanda cha Mjomba. Nilipotoka shule nilimkuta Bibi amelala chali kwenye kitanda hicho, mkono ameuinua.

"Njoo uweke mkono hapa," akasema. Nikaweka. "Nini hicho?"

"Hewa ya mashine, Bibi. Imeshapashwa."

"Ni upepo. Nimepigana na upepo tangu kabla mama yako hajazaliwa, namjua hata akija amevaa nguo nyingine."

Ndipo akanisimulia. Alipoolewa, serikali ilileta nyumba za mbao nyembamba kwa jahazi la mtoni. Watu walizishangilia. Majira ya kwanza ya baridi upepo ulipita kwenye viungo vya kuta, na asubuhi walikuta theluji imejichora mstari juu ya blanketi. Bibi aliziba kwa kuvumwani za tundra, ile nyika ya barafu isiyo na miti, kwa soksi, kwa kurasa za magazeti alizotafuna mpaka zikawa ulenda. Mwanawe alilala upande wa ukutani. Aliugua kifua. Ndege haikuja kwa siku tatu, na siku ya tatu haikuwa na kazi tena ya kuja.

"Baada ya mazishi nilisogeza kitanda," Bibi akasema. "Nyuma yake kulikuwa na ufa. Mpana kama kidole hiki. Nilikuwa nimeziba nyumba nzima, Marfa, nikauacha huo mmoja."

Kisha akaniomba nishike kiti. Alifungua skrubu za kifuniko kwa ncha ya kisu chake cha nusu mwezi, kile cha kuchania samaki. Akatoa chini ya mto wake furushi lililofungwa ndani ya foronya, akalisukuma ndani ya tundu mpaka likajaa, akarudisha kifuniko. Ukiangalia kutoka chini huoni kitu.

"Baba yako asijue. Ameijenga kwa mikono yake. Sitaki nimwaibishe."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Na ningesema nini? Miguu yake ilikuwa inatetemeka juu ya kile kiti.

20 Oktoba

40. Kipimo kiko sebuleni, kama Bi. Lindqvist alivyokiweka.

2 Novemba

39. Mto umeganda wote. Pikipiki za theluji zimeanza kupita.

9 Novemba

41. Dirisha la chumbani huamka limelowa kwa ndani. Bibi hulifuta kwa mkono wa gauni lake kabla Mama hajaingia.

14 Novemba

40. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Mjomba hajakohoa hata mara moja mwezi huu. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa anatapika kwa kukohoa.

"Unaona?" Bibi ameniambia, akimsuka nywele. Mjomba alikuwa anaimba wimbo wa bata alioutunga mwenyewe, wenye neno moja tu. Chumba kilikuwa na joto zuri.

Naona kweli. Labda Bibi anajua kitu ambacho Bi. Lindqvist hakijui. Leo nimelala mchana bila wasiwasi.

23 Novemba

Asubuhi nimechukua kipimo nikakipeleka chumbani, kwa kutaka kujua tu. Nilikiweka kwenye kabati la nguo, nikaenda kula mkate, nikarudi.

68.

Nikakirudisha sebuleni, nikasubiri. Kikashuka mpaka 43. Kwenye ukurasa wa kushoto nimeandika 43. Si uongo, kwa sababu hapo ndipo kinapotakiwa kukaa. Lakini nimeandika kwa kalamu, na hiyo 68 ya hapa nimeiandika kwa penseli, na najua kwa nini.

27 Novemba

44.

4 Desemba

44. Mjomba amekohoa mara mbili wakati wa uji. Bibi aliinua kichwa, mimi niliinua kichwa, tukatazamana, kila mtu akarudi kwenye bakuli lake.

Chumba kinanuka kama sakafu ya mtumbwi wa zamani. Nimesogeza kitanda cha Mjomba na kukuta madoa meusi chini ya ukuta, madogo, yamepangana kama mayai ya samaki. Ni kuvu. Nimeyafuta kwa dawa ya kufulia. Kitambaa kilikuwa cheusi.

Baba alirudi kutoka kwenye mtambo wa umeme anakofanya kazi, akaniuliza kabla hajavua kofia. "Namba?"

"Arobaini na nne."

"Safi kabisa!" Akapigapiga ukuta kama mtu anavyompiga mbwa wake mzuri begani.

5 Desemba

44. Madoa yamerudi.

12 Desemba

45. Bi. Lindqvist ameniandikia barua. "Namba zako ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwakani tunajenga nyumba kumi na mbili kama yenu katika vijiji vya chini ya mto, na nimewaonyesha wenzangu kurasa zako. Hongera, Marfa."

Mama ameibandika barua hiyo kwenye jokofu. Kila nikienda kuchukua maziwa naisoma.

16 Desemba

45. Mjomba anakohoa alfajiri tu. Mama anasema ni mafua ya shule ya chekechea.

20 Desemba

45 sebuleni, 72 chumbani.

Leo nilijaribu. Bibi alikuwa anashona, nami nikakaa karibu naye nikasema polepole kwamba pengine maji ya dirishani na madoa ya ukutani yanatokana na lile tundu. Nikasema watu watatu wanapumua mle ndani na pumzi haina pa kwenda.

Hakukasirika. Angekasirika ningeona nafuu.

"Wewe umewahi kuzika mtoto?" akauliza.

"Hapana, Bibi."

Akakata uzi kwa meno, akaendelea.

Zamani nilidhani Bibi haogopi kitu. Amewahi kumfukuza dubu kwenye samaki wake kwa sufuria na mwiko. Sasa naona anaogopa saa zote, na amekuwa akiogopa hivyo tangu kabla Mama hajazaliwa, na sisi tulikuwa tunaita ushujaa. Na Baba niliyemwona mkubwa, naona anazunguka humu ndani akisifu kuta, asijue. Mimi ndiye ninayejua, na nina miaka kumi na tatu.

25 Desemba

46. Krismasi ya wengine. Yetu sisi Waorthodoksi ni Januari saba.

31 Desemba

46. Nyuzi thelathini na moja chini.

7 Januari

Krismasi. Nyota, ile kubwa ya mbao iliyopambwa, imetoka kanisani, imeanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kila nyumba watu wanaingia wote, wanaizungusha nyota, wanaimba, wanalishwa, wanakwenda nyingine. Zamu yetu ni keshokutwa. Mama anachemsha tangu asubuhi.

Mjomba amelala mchana mzima. Si kawaida yake.

9 Januari

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Wamekuja saa tisa alasiri. Niliwahesabu mlangoni mpaka sitini na tatu, kisha nikasongwa. Walikaa sakafuni, juu ya meza, kwenye ngazi ya barazani. Makoti yao yenye theluji yalirundikwa vitandani kwetu, kama ilivyo desturi, na Mjomba aliyekuwa anasinzia akawa katikati ya makoti, kichwa tu kikionekana. Jikoni kulikuwa na sufuria nne zinazochemka, mbili za nyama ya kulungu na mbili za chai. Nyota ikazungushwa. Tukaimba kwa lugha tatu, madirisha yakatetemeka.

Wakati wa kula, tone la maji lilidondoka kutoka darini likaingia kwenye bakuli la Nikifor. Akaangalia juu. Likadondoka jingine. Kuta za upande wa chumba chetu zilikuwa zinatiririka maji, mistari mirefu, kama shavu la mtu anayelia.

Nikifor akasimama na bakuli lake. "Jamani, jamani! Nyumba ya Golga imeokoka! Imesikia nyimbo, inalia kwa furaha!"

Watu sitini walicheka kwa pamoja. Mpaka kasisi alicheka. Baba naye alicheka kwa sababu mtani akikutania unacheka.

"Golga, ipe leso!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

Nilikuwa karibu nao, nimebeba mkate. Ndiyo maana niliona Nikifor akiacha kucheka kabla ya wengine, akaweka kiganja ukutani, akasema chini chini, "Binamu, mbona inalia kweli?"

Baba akaenda kwenye kabati la mashine. Ilikuwa inanguruma vizuri. Akatazama kichujio. Safi. Akasimama pale, mikono imening'inia, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na mkate mkononi. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu.

Bibi alikuwa upande wa pili wa chumba, ananitazama.

Nikagawa mkate.

Walipoondoka, Mama alitoa makoti ya mwisho kitandani na kumkuta Mjomba ana joto kama jiko.

10 Januari

Homa. Anapumua haraka, ubavu unaingia ndani kila akivuta. Baba amempeleka zahanati akiwa amemfunga kifuani ndani ya koti lake. Sikusoma namba.

11 Januari

Feodora, mhudumu wa zahanati, anasema oksijeni katika damu ni asilimia themanini na nne na inatakiwa kuwa zaidi ya tisini. Amemvalisha barakoa ya oksijeni. Ameita ndege. Upepo unapeperusha theluji, huoni nyumba ya jirani.

"Kesho," Feodora amesema.

12 Januari

Theluji. Ndege haikuja.

Bibi amekaa kitandani kwake tangu asubuhi, mikono juu ya magoti. Anahesabu siku. Najua kwa sababu nami nahesabu.

13 Januari

Ndege imekuja saa sita mchana, upepo ulipopumzika. Mama amekwenda naye. Midomo ya Mjomba ilikuwa ya buluu kama matunda ya tundra. Alipopitishwa kwenye machela alimwona Bibi akasema ndani ya barakoa, "Mama, twende." Lakini kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Tuliporudi nyumbani simu ililia. Ni daktari wa mjini, anamuuliza Baba maswali kabla ndege haijafika. Mtoto anakula nini. Kuna mtu anavuta sigara. Hewa ya nyumbani ikoje.

"Hewa ni nzuri," Baba akasema. "Nyumba mpya. Binti yangu anapima kila siku, hakosi hata siku moja." Na pamoja na uchovu wote ule, alinitazama kwa fahari.

Alipokata simu nikasema, "Baba, namba ni za sebuleni. Chumbani ni sabini na zaidi. Tundu la juu ya kitanda cha Mjomba limezibwa tangu Oktoba. Mimi nilishika kiti."

Sikumtaja aliyepanda juu ya kiti. Hakukuwa na haja, Bibi alikuwa pale pale mezani.

Baba hasemi na Bibi moja kwa moja. Ni mkwewe, na katika miaka yote hii sijamsikia akimpinga hata kuhusu chumvi. Nilitaka anipige kofi. Akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akachukua bisibisi, akaiweka mezani taratibu mbele ya Bibi, ncha yake ikielekea kwake mwenyewe. Akavaa kofia akatoka nje.

Tukabaki wawili. Bibi hakuigusa.

"Upepo ndio uliomuua," akasema. "Wewe hukuwepo."

Nikauliza jambo jingine, kwa kweli kwa sababu sikuweza kunyamaza. "Bibi, ile nyumba ya udongo ulimozaliwa, kabla ya hizi za mbao, nayo ilipitisha upepo?"

"Ile?" Alionekana kushangaa. "Ile haikupitisha hata sindano. Ukuta mnene kama urefu wa mkono, nyasi juu, theluji juu ya nyasi. Watoto tulitembea uchi ndani."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na moja."

"Na taa za mafuta ya sili wa baharini? Na kupika?"

"Humo humo."

"Sasa moshi ulikwenda wapi? Na pumzi za watu kumi na mmoja?"

"Juu. Kulikuwa na dirisha la paani, la utumbo wa sili ulioshonwa, unaopitisha mwanga. Hilo lilikuwa kazi yangu, mimi nilikuwa mwepesi. Kila asubuhi mama aliniamsha, napanda juu ya paa, nalifunua. Hata kukiwa na baridi ya kukata masikio. Nikilalamika alisema..."

Akainua macho darini.

"Alisema, kaifungue nyumba ipumue, wadogo zako wameimaliza hewa."

Akatazama bisibisi. Alitazama mikono yake. Kisha akainuka, akaichukua, akaenda chumbani, nami nikabeba kiti nyuma yake.

Nilishika kiti kama mara ya kwanza. Kifuniko kilitoka na maji. Furushi lilikuwa zito, foronya imegeuka kijivu na nyeusi. Alishuka nalo, akakaa kwenye kitanda kitupu cha Mjomba, akalifungua magotini.

Miezi yote hiyo nilidhani ni taulo kuukuu. Lilikuwa koti dogo la ngozi ya kindi, la mtoto wa miaka mitano, lenye kofia na mishono midogo midogo ya mkono wa Bibi. Sikuwahi kuliona maishani mwangu. Kuvu lilikuwa limelila kuanzia mgongoni mpaka mikononi.

"Ni lake," Bibi akasema. "Nililiweka miaka hamsini. Nikasema, nimpe koti lake mwenyewe limkinge, maana amerudi."

Akalikung'uta mara moja tu, na manyoya yote yakaanguka sakafuni, ikabaki ngozi mkononi.

Hewa ya tunduni ilinipiga usoni. Ilikuwa baridi kidogo, kweli. Bibi hakukosea kuhusu hilo.

14 Januari

Chumbani: 59. Baba na mimi tumeosha kuta. Hajasema neno kuhusu jana. Nilipoangusha ndoo alisema, "Pole," basi nikalia.

16 Januari

Chumbani: 48. Mjomba bado yuko kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Mama anapiga simu asubuhi na jioni, sauti yake imekuwa nyembamba.

Baba wakati wa chakula: "Marfa, mwambie bibi yako supu ni nzuri."

Bibi: "Marfa, mwambie baba yako aongeze."

Walikuwa wamekaa mkabala, magoti karibu yagusane.

Nimemwandikia Bi. Lindqvist namba zote za penseli na jinsi zilivyokuwa. Nimemwomba asizionyeshe tena zile za kalamu.

22 Januari

Chumbani: 44. Bi. Lindqvist amejibu. Nilidhani atanilaumu. Anasema alipochora nyumba aliwauliza wazee mlango uelekee wapi usipate upepo, na meza ya kuchania samaki ikae wapi, lakini kuhusu tundu la hewa hakumuuliza mtu. "Sikuwahi kulala kwenye kitanda kile na kuinua mkono," ameandika. Katika zile nyumba kumi na mbili, matundu yatapuliza kandokando ya dari, mbali na vitanda. Fundi atakuja mwezi wa tatu kutugeuzia letu.

Nimeitoa barua ya Desemba kwenye jokofu. Hii sikuibandika.

26 Januari

Chumbani: 43. Wamemtoa kwenye mashine.

30 Januari

Amerudi. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto haitapona. Mama alitueleza tukiwa tumesimama wote jikoni. Atakohoa kila majira ya baridi, hatakimbia kama wenzake, na akipata homa tusisubiri hata saa moja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Atalala wapi?"

"Pale pale chumbani, mama," Mama akasema. "Ila tumesogeza kitanda ukutani kwingine."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Mjomba akamrukia, akaanza kukohoa kwa kule kuruka tu.

3 Februari

Chumbani: 42. Nikifor amekuja. Alivua buti kimya kimya, kwa mara ya kwanza nijuavyo. Mjomba akamwambia, "Mbona huchekeshi?"

"Nimeishiwa. Nikopeshe."

Mjomba akafikiri. "Bata," akasema, na Nikifor akacheka mpaka akafuta macho. Alifuta muda mrefu.

6 Februari

Chumbani: 43. Bibi amefunga unyoya wa bata bukini kwa uzi wa mishipa ya kulungu, akauning'iniza kwenye kifuniko cha tundu. Hewa ikiingia, unyoya unatikisika. "Namba zenu zinahitaji miwani," amesema. Mjomba anautazama mpaka anasinzia.

Lile koti sijui alilipeleka wapi. Sijauliza.

11 Februari

Nyuzi thelathini na nane chini. Nimeamka, Mjomba ameketi kitandani anakohoa, ananionyesha juu kwa kidole.

"Umelala," akasema.

Unyoya ulikuwa umening'inia wima, hausogei. Bi. Lindqvist alituonya. Baridi ikizidi, jalidi ya barafu hujaa kwenye mdomo wa bomba la hewa kwa nje na kuuziba. Mtu lazima atoke akaugonge. Nikaanza kuvaa buti.

Ndipo nikaona kitanda cha Bibi kitupu na koti lake halipo msumarini.

Tukasikiliza. Nyayo kwenye theluji, polepole, zikizunguka nyumba. Zikasimama nyuma ya ukuta wetu. Kisha fimbo ikagonga bati la bomba mara tatu, mara nne, na kitu kikaporomoka.

Unyoya ukatikisika.

"Umeamka!" Mjomba akapiga kelele. "Mama! Umeamka!"

Kwa ukuta ule na kofia yake ya manyoya, Bibi asingeweza kumsikia. Akagonga mara moja tena, kuhakikisha.

Chumbani: 44.